Siku moja Kyoto na Osaka na mama Nasra, tukitokea Tokyo kwa treni: inawezekana au najidanganya?

BabaNasra_Kimanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla sijajiaibisha ugenini.

Mama Nasra yuko Tokyo tangu mwezi uliopita, kazini kwao wamempeleka kozi ya wiki sita. Ikiisha, nami natua. Nimepokea mchezo mara mbili, likizo imesainiwa, ndege nimekata ya kupitia Doha, viza imetoka juzi. Mtoto anabaki kwa bibi yake.

Siku nyingi tutakuwa Tokyo, ila Jumamosi moja tumeitenga iwe yetu wawili. Yeye anataka kuona yale malango mekundu ya Kyoto yaliyopangwa mpaka yanakuwa kama handaki. Mimi nataka Osaka usiku, pale kwenye bango la yule mkimbiaji aliyenyoosha mikono juu. Halafu kuna binamu yangu anasema ukienda Japani usilishe kulungu wa Nara ni kama hukwenda. Nikitazama ramani kwenye simu naona Kyoto, Nara na Osaka zimekaa kama Kimara, Mbezi na Kibaha. Nikajisemea: asubuhi mji mmoja, mchana mmoja, jioni mmoja, usiku tunarudi kulala Tokyo.

Sasa naomba kujua. Huu ni mpango wa mtu mzima au wa mtoto? Ile pasi ya treni ya siku saba ina faida? Tule nini, maana kwetu nguruwe na pombe haviingii ndani? Na la mwisho msinicheke: treni nilizopanda mimi ni SGR hadi Moro mara mbili, na ile ya zamani ya Kigoma nikiwa nimebebwa mgongoni. Za Kijapani nasikia hazimsubiri mtu, na mama Nasra ni mtu wa kusimama akikiona kitu. Ikitokea mmoja yuko ndani, mmoja nje, mlango umefungwa, tunafanyaje?

Mzee_wa_Msewe

Mkuu, nauli ya kichwa kimoja kutoka Tokyo kwenda Kyoto, kwenda tu, mtu na mkewe wanaenda Dodoma kwa SGR na kurudi, na chenji ya kuku inabaki. Ila nenda, hela ni yako na mke ni wako. Picha usisahau.

MamaPacha_Kijichi

Baba Nasra hongera, na pole ya miguu nakupa mapema kabisa.

Mimi na baba pacha tulifanya siku kama hiyo mwaka juzi, Novemba. Nakueleza yaliyotukuta sisi, na lile swali lako la mwisho ndilo nitakalolijibu kwa urefu. Utaona kwa nini.

Pasi achana nayo. Oktoba 2023 ile ya siku saba ilitoka yeni 29,650 ikaruka hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa tiketi ya kawaida ni kama 14,000 kwenda na 14,000 kurudi. Hesabu unaijua. Tena pasi anauziwa aliyegongewa muhuri wa mgeni wa muda mfupi. Mama Nasra kama aliingia kwa hadhi ya mafunzo hata hawatampa. Kateni tiketi zenye namba ya siti, mfumbe macho, mbonyeze mashine. Mimi nilibonyeza nimemshika mume wangu mkono kama niko kwa daktari wa meno.

Treni mnayoitaka inaitwa Nozomi, na ya kwanza inaondoka Tokyo saa kumi na mbili kamili asubuhi. Wao wanaandika 6:00, usije ukaisoma Kiswahili ukaenda mchana. Saa mbili na dakika chache mko Kyoto. Mizigo muiache Tokyo, mnakwenda na kurudi, mtu na kibegi chake cha mgongoni basi.

Chakula cha asubuhi nunueni kabla ya kupanda, maana kile kigari kilichokuwa kinapita na chai kwenye mabehewa ya Nozomi kilisitishwa 2023. Salama yenu ni yale mabonge ya wali ya pembetatu yaliyofungwa kwenye mwani. Baba pacha alimuuliza kijana wa dukani ndani mna nini. Kijana akajibu, "Sake." Baba pacha akalirudisha rafuni. Akachukua lingine, akauliza, "Sake." Akalirudisha. Nikamsikia ananong'ona, jamani hawa hata wali wanatia pombe asubuhi yote hii! Yule kijana akaelewa, akageuza risiti akachora samaki, mzuri kabisa, mpaka magamba. Kumbe sake ni pombe, na sake ni samaki samoni pia, masikio yetu hayatofautishi. Tukachukua manne.

Siti kateni D na E, upande wa kulia mkielekea Kyoto. Kama dakika arobaini na kitu baada ya kuondoka, kukiwa hakuna mawingu, Mlima Fuji unajitokeza mzima mzima. Sisi tuliupata. Mimi nilibandika pua kwenye kioo. Baba pacha ni mtu wa Machame, akauliza una mita ngapi, nikamsomea 3,776, akasema "basi mdogo," akalala.

Na kingine kilichonichekesha humo ndani, tangazo lilipoanza ilikuwa sauti ya mama mmoja mpole sana. Nikamshtua mwenzangu: huyu si yule wa kwenye IST yetu? Kila asubuhi nikiwasha gari Kijichi ananiambia sentensi ile ile, mwaka wa nne sasa, sijui ananidai nini.

Mkifika Kyoto, msitoke nje ya stesheni kwenda kutafuta basi. Hamieni laini ya kwenda Nara, ile inayosimama kila kituo, si ya haraka, maana ya haraka inaipita Inari, kituo cha hayo malango, hivi hivi mnaiona. Kituo cha kwanza Tofukuji, cha pili Inari. Dakika tano. Ukitoka stesheni lango la kwanza liko mbele ya macho yako, hakuna kiingilio, na hapafungwi usiku wala mchana.

Hayo malango mama Nasra ana haki ya kuyataka. Mimi sikwenda kuabudu, nilikwenda kutazama, na nilitazama nikashiba. Ni mengi kweli, maelfu, yanapanda na mlima yamebanana mpaka mwanga unaingia kwa vipande vipande, rangi yake kati ya nyekundu na ya chungwa. Wakati wa kupanda huoni maandishi. Geuka nyuma: kila nguzo ina jina la mtu au kampuni iliyolitoa na tarehe, maandishi meusi yamechongwa toka juu hadi chini. Wafanyabiashara ndio wanaotoa, maana Inari ni mungu wao wa mpunga na biashara. Na mbweha wa mawe kila kona, mwingine ameuma funguo mdomoni, ndiyo funguo ya ghala la mpunga. Nilisimama kwenye lile funguo nikamkumbuka bibi yangu Rufiji, naye la ghala lake halikutoka kiunoni.

Kileleni msihangaike. Mlima wenyewe una mita 233 tu lakini ni ngazi, na mzunguko mzima unakula saa mbili au tatu. Fikeni nusu njia, pale Yotsutsuji penye mabenchi, mji wote wa Kyoto uko chini yenu. Kunyweni maji, shukeni.

Sasa ndiyo tunafika kwenye swali lako.

Tumeshuka, tumerudi kwenye kituo cha Inari, saa nne na kitu, jukwaa limejaa. Wenzetu wanapanga foleni kwenye alama zilizochorwa chini, na mlango wa treni unakuja kusimama pale pale kwenye alama. Mimi mtoto wa Mbagala niliyezoea kugombea dirisha nilijikuta nimepanga mstari kama niko paredi. Treni ikaja. Nikaingia. Nikageuka nimwoneshe baba pacha nafasi ya kusimama, hayupo. Yuko jukwaani, simu juu, anamrekodi kondakta. Maana makondakta wao wana mtindo: kabla ya kufunga milango anaonesha kidole kulia, anasema neno kwa sauti, anaonesha kushoto, anasema tena, peke yake, hana anayemjibu. Ni utaratibu wao wa usalama, macho, kidole na mdomo vikubaliane. Baba pacha alikuwa anatabasamu kama mtoto. Mlango ukafungwa. Bado anatabasamu. Treni imeondoka ndipo uso ukabadilika.

Sikiliza vizuri hapa. Intaneti ilikuwa kwenye simu yake, mimi nilikuwa navuta kutoka kwake. Kwa hiyo mimi nina simu yenye picha tu. Nikawaza kama mtu mwenye akili: kituo kinachofuata nashuka, nasubiri, atakuja na treni inayofuata. Nikashuka Tofukuji. Naye akawaza kama mtu mwenye akili: tulikuwa tunakwenda Kyoto, mke wangu atakuwa Kyoto. Umeona ubaya wa ndoa yenye watu wawili wenye akili?

Kama robo saa baadaye treni ikaja. Siku ile alikuwa amevaa jezi ya Yanga, ile ya njano kabisa yenye kijani. Milango ikafunguka, watu wamebanana, nikaiona njano kwenye behewa la mbele, amenipa mgongo. Nikaita jina lake. Behewa zima likageuka isipokuwa yeye. Mlango ukafungwa, Yanga ikaenda Kyoto.

Mimi si mtu wa kutaharuki. Nikaketi kwenye benchi nikatulia. Akaja mzee mmoja wa stesheni, kofia, glovu nyeupe, akanisemesha Kijapani. Nikamwambia, "Hazibendi. Kyoto." Nikamwonesha picha tuliyopiga asubuhi. Akaitazama ile jezi, akaitazama tena, akaenda kupiga simu. Huku anaandika kwenye karatasi, ananiuliza kwa mikono: mrefu kiasi gani? Nikasimama nikaonesha. Akaandika. Akarudi na chupa ya chai ya moto, haina sukari wala maziwa, nikainywa hivyo hivyo. Dakika ishirini na tano hivi, treni ya kutoka Kyoto ikaingia upande wa pili, baba pacha akatoka anasindikizwa na kijana mwingine mwenye glovu nyeupe. Yule mzee akaniinamia MIMI, kama vile kosa ni lake.

Ile karatasi alinipa, ninayo mpaka leo kwenye pochi, sijui imeandikwa nini.

Kwa hiyo jibu langu: kila mmoja awe na intaneti yake, msifanye ubahili wetu. Na kabla hamjapanda treni ya kwanza kubalianeni neno moja. Sisi sasa ni hili: aliye ndani anashuka kituo kinachofuata, hatoki jukwaani, wa nje anamfuata na treni inayosimama kila kituo. Hata tukipanda mwendokasi Kariakoo lile neno bado linatumika.

Mengine kwa ufupi. Hekalu la dhahabu hatukuliona, muda uliliwa na yale ya Tofukuji. Kyoto hadi Osaka usikate Shinkansen, yaani hizo za kasi kama Nozomi, kuna ile ya haraka ya kawaida, dakika kama thelathini, na nauli karibu yeni 600. Osaka jioni nendeni Dotonbori kwenye hilo bango lako, na mle takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, vinageuzwa kwa sindano mbili kwenye chuma chenye vishimo kama cha vitumbua. Yaani ni kitumbua cha pweza. Usitie kizima mdomoni, ndani ni moto wa kuchubua ulimi, mimi sikuonja kitu kingine siku mbili. Okonomiyaki ulizeni kwanza, nyingi zina nguruwe. Na msizubae: Nozomi ya mwisho ya kurudi Tokyo inaondoka Shin-Osaka saa tatu na dakika ishirini na kitu usiku. Ikishaondoka hakuna nyingine mpaka asubuhi, kuanzia saa sita usiku Shinkansen haitembei kabisa.

Nara futa. Mtu anatoka Tanzania anakwenda kutazama kulungu?

Lunyasi_Damu

Mama pacha, angevaa ya Simba wasingempata mpaka leo. Wangedhani ni lango mojawapo.

FundiReli_Buguruni

Mimi nilisoma Osaka miaka miwili, nilikuwa nalala na ratiba ya treni pembeni ya mto, acha nichangie.

Kwanza mama pacha, yule mama wa kwenye IST hakudai kitu. Anakwambia kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kulipia kule kwao, gari likipita getini linakatwa lenyewe. Gari limevuka bahari, limefika Kijichi, bado anakumbusha. Mwambie fundi wako atafute kile kiboksi akichomoe waya.

Pili, kuhusu Nara napinga. Tatizo la Baba Nasra si miji mitatu, ni kurudi nyuma. Ukiiweka Nara kama safari ya kwenda na kurudi Kyoto, ndiyo, umekwisha. Lakini kuna kampuni nyingine ya reli, Kintetsu, siyo JR, ile kampuni ya hizo treni za mama pacha. Kutoka Kyoto ile yake ya haraka yenye siti inafika Nara kwa dakika kama thelathini na tano, na kituo chao kiko jirani na hifadhi, unatembea dakika tano unakutana na kulungu. Kutoka Nara laini nyingine ya kampuni hiyo hiyo inakupeleka moja kwa moja Osaka-Namba, kama dakika arobaini, na Namba hadi Dotonbori ni mguu. Hujarudi nyuma hata hatua moja. Asubuhi Inari, saa tano na nusu panda Kintetsu, saa tisa na nusu ondoka Nara, jua linazama uko chini ya bango.

Na kulungu wa Nara si wa kutazama tu, dada. Wako zaidi ya elfu moja, wanatembea barabarani, na ukishika biskuti zao wanakuinamia kichwa mara tatu nne kama wanakusalimia. Ukichelewa wanakung'ata shati. Mimi walinilia kipande cha mkataba wa chumba. Na hapo hapo kuna hekalu la Todaiji, Buddha wa shaba mwenye urefu wa mita 15, tangu mwaka 752 ameketi pale. Ukumbi wake ni wa mbao. Ukisimama mlangoni unahisi umepungua.

Tatu, kwa watu wa reli kama mimi: ile laini ya JR iliyowatenganisha mama pacha na mzee wa Machame ina upana wa milimita 1,067. Ni upana ule ule wa TAZARA. Shinkansen ni 1,435, upana wa SGR yetu. Kwa hiyo Baba Nasra usijione mgeni, pale Tazara na pale stesheni ya Magufuli umeshaona vyote viwili. Tofauti ni mwendo: SGR yetu 160 kwa saa, Nozomi kati ya Tokyo na Osaka inafika 285. Na hiyo njia waliifungua tarehe 1 Oktoba 1964, siku tisa kabla ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka wa Muungano wetu! Wakati ule ilikuwa inafika 210. Ninaposikia watu wanasema Wajapani wameendelea juzi, namwachia Mungu.

Siri ya ile kasi ni kwamba njia yake haikatizani na barabara popote. Hakuna geti la kusubiri, hakuna bodaboda anayejipenyeza, hakuna ng'ombe. Treni za mizigo hazimo pia. Ndiyo maana ratiba inashika mpaka sekunde.

Mengine madogo: ngazi za umeme Tokyo wanasimama kushoto, Osaka wanasimama kulia. Mkivuka hamtaambiwa, mtashangaa tu mko peke yenu upande mmoja mnaziba njia. Chukueni kadi ya kugusa, Suica au nyingine yoyote, inafanya kazi Tokyo, Kyoto, Nara na Osaka, na inanunua hadi maji kwenye mashine. Ila kwa Shinkansen tiketi zenu ni za pembeni. Siku za kazi laini ya Midosuji kule Osaka ina behewa la wanawake peke yao, limechorwa waridi. Nyie mnakwenda Jumamosi hamna shida, mimi niliingia Jumatatu ya kwanza na nilisimama humo vituo vinne nashangaa kwa nini ninanukia vizuri kuliko kawaida. Na mapipa ya taka barabarani hamtayaona, bebeni kimfuko.

Kusali: ndani ya stesheni ya Tokyo kuna chumba cha kuswalia. Alfajiri yenu mtaimaliza kabla ya kutoka, na adhuhuri na alasiri ni safari, mnazikusanya.

BabaNasra_Kimanga

Wakuu, nimekaa na daftari hapa. Nimemsomea mama Nasra yote kwa simu, kule kwao ilikuwa saa sita za usiku, amecheka mpaka jirani yake wa chumba amegonga ukuta. Uamuzi wake: Inari na Osaka ni lazima, Nara tutaamua tukiwa stesheni ya Kyoto kutegemea miguu. Laini za intaneti mbili nimeshakubali, roho inaniuma. Neno la kupoteana tumelichukua kama lilivyo, la mama pacha.

Swali moja tu. Fundi, sarafu zenye tundu ni kweli zipo? Mama Nasra kanitumia picha nikadhani ni zile za mkoloni alizokuwa nazo babu.

FundiReli_Buguruni

Zipo, ya yeni 5 na ya yeni 50. Ya 5 wanaipenda kwa kutupia kwenye masanduku ya mahekalu, maana neno "yeni tano" kwao linatamkwa sawa na neno la kuunganishwa na watu wema. Mrudishie Nasra moja atie uzi.

Mama pacha, na ile karatasi? Ipige picha uiweke, nikusomee. Kijapani cha stesheni ndicho pekee nilichokimaliza.

MamaPacha_Kijichi

Haya, nimeweka. Samahani imekunjika, imelala kwenye pochi na risiti za luku. Hiyo ya juu nadhani ni saa. Na hako kamtu kamechorwa pembeni nadhani ndiye baba pacha.

FundiReli_Buguruni

Ndiyo. Juu ni saa, 10:41. Halafu anaandika kwa mkato, ni mtu anayeandika huku anaongea na simu. "Kwa Kyoto. Mume. Mrefu. Shati njano, kijani. Tanzania." Hapo Tanzania ameandika mara mbili, ya kwanza ameikata, alikosea herufi. Chini yake: "Mke yuko Tofukuji. Asiondoke Kyoto, mleteni."

Na mstari wa mwisho: "Mke analia sana. Nimempa chai."

MamaPacha_Kijichi

Fundi, huo wa mwisho ungeuacha. Baba pacha yumo humu humu anasoma.